Shamba, Leseni na Dhahabu
Hotuba iliyosomwa Igawa katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Kwa miaka kumi tumezoea kusimama mbele yenu kunena habari za mpunga, mbolea na mizani. Leo tumeombwa kunena habari za dhahabu, na huenda wapo wanaojiuliza dhahabu inawahusu nini wakulima. Kila mwaka, mpunga ukiisha kuvunwa, vijana wetu hupanda magari hapa barabarani wakaenda Chunya kutafuta fedha za msimu ujao. Tena katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi: mtu akifika shambani kwangu na leseni mkononi, je, shamba si langu tena?

Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, imejulikana tangu mwaka 1922. Lakini mchimbaji mdogo wa nchi hii alikaa siku nyingi kabla sheria haijamtambua sawasawa. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yake; Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ikaanzisha leseni ya uchimbaji mdogo, nayo ile ya mwaka 2010 ikaiendeleza. Leseni hiyo hupewa raia tu, awe mtu mmoja, wabia, au kampuni ambayo wanachama wake wote ni raia, na hudumu miaka 7, kisha yaweza kuhuishwa. Mwaka 2019 yakafunguliwa masoko ya madini, Chunya likiwamo. Jambo hilo sisi tulilisifu, maana aliyewahi kuuza mpunga kwa lumbesa hahitaji kuelezwa kwa nini gramu ipimwe mbele ya macho ya mwenyewe.

Sasa turudi kwenye swali. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hayawi ya mkulima kwa sababu yako chini ya jaruba lake. Lakini leseni ya madini haimnyang'anyi mkulima shamba. Sheria ya mwaka 2010 yasema kwamba mwenye leseni hana ruhusa ya kuchimba ndani ya mita 200 za nyumba, wala ndani ya mita 50 za shamba lililolimwa au kutayarishwa kwa kilimo, wala katika ardhi iliyovunwa mazao katika mwaka uliotangulia, mpaka apate kibali cha maandishi cha mwenye kuimiliki ardhi hiyo kihalali. Kibali hicho si maneno ya kilabuni, wala si soda mbili na kupeana mikono. Nasi twasema wazi kwamba mkulima anayetia sahihi peke yake, jioni, bila kusomewa karatasi, kwa ahadi ya mifuko michache ya mawe ya dhahabu, ameuza asichokijua bei yake. Aije kwanza ofisini, tuisome pamoja naye. Na kijana anayekwenda kuchimba naye aulize kabla ya kushuka shimoni: leseni ni ya nani, na mgao umeandikwa wapi?

Yako pia maji. Sheria hiyo hiyo yataka kibali ndani ya mita 100 za josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Nayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Mto Mbarali unaopita hapa Igawa humwagika Ruaha Mkuu, na maji hayo hushuka hadi Mtera na Kidatu. Mchimbaji hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake ni sumu kwake na kwa watoto walio karibu. Ile inayobaki katika matope hufika mtoni na kuingia katika samaki. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kuipunguza zebaki hiyo, lakini mkataba haulindi mfereji usiolindwa na wenyewe. Basi kamati za umwagiliaji zitazame mifereji yao.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mkulima akikataa kutoa kibali bila sababu ya maana, Waziri, baada ya kushauriana na serikali ya mahali hapo, aweza kuamuru kwamba kibali hakihitajiki. Kwa hiyo kukataa kwa hasira hakutoshi. Kataeni kwa maandishi, na sababu zenu ziwe na ushahidi. Ushahidi huo wengi wenu mnao nyumbani, nao ni stakabadhi ya ghala. Karatasi ile inaonyesha jina lako, tarehe na kilo ulizoleta, na mbele ya ofisa ni msaada mkubwa kwa mtu anayesema kwamba ardhi yake ilivunwa mwaka huu. Wapo wanaoitupa mara walipwapo. Kuanzia msimu huu makatibu wa vyama vya msingi wataandika katika nakala ya ghala jina la kitongoji na mahali shamba lilipo. Nanyi mkileta gunia la kwanza, msiondoke mpaka mmeona limeandikwa.