Yameandikwa Wapi? Vitabu vya Rejea na Haki ya Kujua

Ifuatayo ni hotuba ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa watendaji wa kata na vijiji, walimu na wananchi.



Asubuhi moja mama mmoja mjane alifika ofisini kwetu, akaketi, akauliza swali moja tu: “Mwanangu, nimeambiwa kwamba kwa mila zetu mwanamke hamiliki shamba. Huku serikalini yameandikwa wapi?”

Nilijua kwamba jibu limo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Nilijua pia kwamba nakala ya sheria hiyo ilikuwa ndani ya kabati, hatua tatu kutoka kwenye kiti alichokalia. Lakini kabati lilikuwa limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Mama yule alirudi baada ya siku mbili, kwa nauli nyingine. Ndipo tulipofungua kifungu cha 20, kinachobatilisha kanuni yoyote ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Aliomba nimwandikie namba ya kifungu. Akaikunja karatasi ile, akaifunga katika pindo la khanga yake, akaondoka nayo.

Ndugu zangu, leo nimeombwa nizungumzie vitabu vya maarifa na vya rejea. Sikupata utangulizi bora kuliko swali la mama yule.

Kitabu cha rejea hakisomwi kama hadithi, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huendewa na mtu mwenye swali. Kamusi, atlasi, sheria, taarifa ya sensa, mwongozo wa ufugaji: vyote hivi humsubiri muulizaji. Ndiyo maana katika maktaba nyingi vitabu vya aina hii haviazimwi. Husomwa papo hapo, ili anayefuata naye avikute.

Wengi huingia maktaba wakaogopa wingi wa rafu. Njia yake ni nyepesi. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa namba uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900. Mwenye swali la sheria ataelekea 340. La tiba, 610. La kilimo, 630. La mifugo, 636. Na mfugaji wa nyuki atasogea hadi 638. Anayetafuta historia ya Tanzania ataikuta 967.8. Namba iliyo mgongoni mwa kitabu ndiyo anwani yake. Ukipotea, mkutubi yupo. Kumuuliza si aibu.

Sisi watumishi tunavihitaji vitabu hivi kuliko mtu yeyote. Tukisoma katika mkutano wa kijiji kwamba mradi una “nakisi” ya fedha, asiyejua kwamba nakisi ni upungufu aweza kupiga makofi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwapo tangu mwaka 1981. Hatuna udhuru wa kuwaandikia wananchi maneno ambayo sisi wenyewe hatujayahakiki.

Hata hivyo, kitabu nacho kinapaswa kuhojiwa. Nikiri kosa langu. Niliwahi kuandaa taarifa nikitumia takwimu za sensa ya mwaka 2012, ilhali matokeo ya sensa ya mwaka 2022 yalikwisha kutangazwa. Kitabu nilichokishika hakikusema uongo. Kilikuwa kimepitwa na wakati. Mwaka 2012 Watanzania tulihesabiwa 44,928,923. Mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120. Anayepanga madawati, dawa na visima kwa hesabu ya kale atakuwa amewasahau watu waliokwisha kuzaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kukiamini kitabu, kiulizeni mambo matatu: nani amekiandika, kimechapishwa mwaka gani, na je, kipo kipya zaidi? Hata kitabu mashuhuri cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kilichoandikwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milimani nchini Meksiko, kinapaswa kusomwa hivyo. Mafunzo yake ya usafi na huduma ya kwanza yana faida hadi leo. Lakini kuhusu dawa na vipimo vyake, toleo kongwe lisichukue nafasi ya mhudumu wa zahanati. Na sheria nazo hurekebishwa. Ulizeni toleo la marekebisho ya karibuni.

Ndugu watendaji, ombi langu kwenu halihitaji bajeti. Mrudipo katika ofisi zenu, fungueni makabati. Toeni nakala za sheria, miongozo na taarifa mlizonazo, muziweke kwenye rafu ambayo mwananchi anaifikia, na mbandike ukutani orodha yake. Wekeni daftari la wasomaji ili kitabu kisipotee. Ufunguo ukibidi kuwapo, wabaki nao watu wawili, ili safari ya mmoja isigeuke kuwa kifungo cha maarifa. Sisi tumekwisha kuanza: kabati lile sasa halifungwi saa za kazi.

Walimu, wafundisheni watoto kutumia faharasa na yaliyomo kabla hamjawapa kazi ya kunakili. Nanyi wananchi, mtakapoambiwa “ndivyo ilivyo”, ulizeni kwa heshima, kama alivyouliza mama yule: yameandikwa wapi? Ni wajibu wetu kuwaonyesha ukurasa.