Kikopo Chini ya Godoro

Somo: Marko 5:21-43

Kama kuna kijana hapo nyumbani, mwiteni asogee karibu na redio, kwa maana mazungumzo ya leo ni yake, na ni yetu sisi wazazi pia. Nataka tuzungumze juu ya chunusi.

Najua kuna mtu ameanza kucheka. Atasema, "Je, mhubiri amekosa la kuhubiri?" Ndugu yangu, mimi nami nilicheka zamani, na kicheko hicho ndicho ninachotaka kukiungama mbele yenu.

Binti yangu alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Aliporudi kwa likizo ya mwezi wa Aprili, uso wake ulikuwa umejaa chunusi, mashavuni, kidevuni na kwenye paji la uso. Jioni ya kwanza tulipokaa mezani, nilimtazama nikasema, "Mwanangu, uso wako umekuwa kama barabara ya murram baada ya mvua." Kaka zake wakaangua kicheko. Mama yake akanitazama kwa jicho kali. Binti mwenyewe alicheka kidogo, kisha akasema anakwenda kuchukua maji jikoni, na hakurudi mezani. Mimi niliendelea kula.

Likizo ya Agosti alirudi uso umekuwa laini, tena unang'aa. Tulifurahi sana. Nilimsifu mbele ya wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mwanangu, umetumia dawa gani?"

Ilipofika Desemba, mambo yaligeuka. Ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nyembamba na yenye wekundu, mishipa midogo ikionekana. Vipele vidogo vidogo vilizunguka mdomo. Nywele zilikuwa zimeanza kuota shavuni. Akitoka juani kidogo tu, uso humwasha kama umepakwa pilipili. Siku ya Krismasi alikataa kwenda kanisani, na yeye alikuwa mwimbaji katika kwaya ya vijana. Alisema kichwa kinamwuma, nasi tukamwacha.

Siku chache baadaye mama yake alikuwa akianika matandiko, akakuta kikopo chini ya godoro. Kilikuwa kikopo kidogo cha plastiki, hakina jina la dawa, hakina jina la mwenye kuitengeneza, hakina tarehe. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya rangi ya maziwa. Alikuwa amekinunua sokoni kwa fedha za matumizi nilizompa mimi mwenyewe.

Tulimpeleka hospitali kwa daktari wa ngozi. Daktari huyo hakutuuliza sisi neno. Alituomba tusubiri nje, akazungumza na binti peke yake. Baadaye alituita akatueleza kwa upole. Mafuta ya namna hiyo, alisema, mara nyingi huchanganywa na steroidi zenye nguvu, dawa ambazo daktari huzitumia kwa kipimo na kwa siku chache kwa magonjwa mengine ya ngozi. Mtu mwenye chunusi akizipaka, uvimbe hutulia upesi, naye hudhani amepona. Lakini zikitumiwa wiki baada ya wiki, ngozi hukonda na kuwa dhaifu, na vipele vipya huzaliwa na dawa ile ile. Tena ukiiacha ghafula, uso hulipuka kuliko mwanzo. Basi maskini mtoto hurudia kikopo, akidhani kinamponya, kumbe kimemfunga.

Tulirudi nyumbani kwa matatu. Njiani nilimwuliza, "Mama, kwa nini hukutuambia?" Alitazama nje dirishani, akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, mlikuwa mnacheka."

Wapenzi wasikilizaji, nimehubiri miaka mingi, lakini sijapata kuhubiriwa kama nilivyohubiriwa siku hiyo katika matatu.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Hapo twasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Marko anatuambia wazi kwamba alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, akateswa na matibabu yao, akamaliza mali yake yote, na badala ya kupata nafuu hali yake ikazidi kuwa mbaya. Biblia haifichi jambo hili. Yajua kwamba mtu anaweza kuumizwa na ugonjwa, kisha akaumizwa mara ya pili na dawa.

Angalieni pia jinsi alivyokuja. Alikuja kwa nyuma, katikati ya msongamano, kwa siri. Kwa nini kwa siri? Kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa aibu machoni pa watu. Binti yangu naye alijitibu kwa siri. Aibu ndiyo iliyomwonyesha njia ya kwenda sokoni, na aibu hiyo aliitoa mezani kwangu.

Lakini mtazameni Bwana Yesu. Alikuwa na haraka, umati ukimsonga, na bado alisimama. Wanafunzi waliona si jambo la maana kuuliza ni nani aliyemgusa. Yesu aliona ni jambo la maana. Alingoja mpaka yule mama akaja akitetemeka na kumweleza kweli yote. Hakumcheka, wala hakumkemea kwa kuja kwa siri, wala hakumwuliza kwa nini alipoteza fedha zake. Alimwita binti, akamwambia aende kwa amani.

Tena kuna jambo jingine ambalo kwa muda mrefu sikuliona. Yesu alikuwa akienda wapi siku hiyo? Alikuwa akienda nyumbani kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake alikuwa mgonjwa sana. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, umri ule ule ambao wengi wa watoto wetu huanza kubadilika mwili. Na Yairo, mtu mkubwa wa dini, alianguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote kwa ajili ya binti yake. Hakuona haya. Mimi nilikuwa mkuu wa nyumba na mzee wa kanisa, na kwa ajili ya binti yangu nilikuwa nimetoa mzaha tu.

Jioni ile nilikwenda mlangoni kwake, nikabisha. Nilimwambia, "Mwanangu, nilikukosea mezani. Nisamehe." Hakusema mengi. Alisema, "Nimekusamehe, Baba." Kisha akaniuliza kama atapona. Nilimwambia sijui, ila hatatembea njia hiyo peke yake tena.

Sasa niseme na ninyi vijana, kwa maana maombi na maarifa si maadui. Yale niliyojifunza kwa daktari huyo na kwa wengine baadaye, nawapa.

Kwanza, chunusi si uchafu, wala si dhambi. Chini ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna vitezi vinavyotoa mafuta. Ujana ukianza, homoni za mwili huvifanya vitoe mafuta mengi zaidi. Vitundu vya ngozi huziba, bakteria huongezeka humo, na uvimbe hutokea. Huwapata vijana wengi sana, wavulana kwa wasichana, wa kila taifa. Anayekuambia ni kwa sababu ya mawazo mabaya, au kwamba zitaisha ukioa au ukiolewa, anakudanganya. Kwa hiyo usijisugue uso kwa nguvu kama unaosha sufuria. Osha kwa upole mara mbili kwa siku, na usizitumbue, kwa maana ngozi yetu nyeusi hubaki na madoa kwa miezi mingi. Mafuta mazito ya nywele nayo, yakishuka kwenye paji la uso, huziba vitundu.

Pili, dawa ya kweli huenda polepole. Jirani yetu alikuwa na kijana aliyepewa dawa ya kupaka iitwayo benzoili peroksaidi, dawa nzuri inayojulikana ulimwenguni kote. Aliambiwa apake kidogo tu usiku. Kwa haraka yake alipaka nyingi, asubuhi, mchana na jioni. Katika wiki moja uso ulikauka ukabambuka kama ganda la kitunguu, na foronya yake ikapauka, maana dawa hiyo huondoa rangi ya nguo. Akaitupa, akasema ni sumu. Haikuwa sumu, alikosa saburi. Dawa za chunusi huhitaji wiki sita hadi nane kabla ya kuonyesha nafuu, na mara nyingi miezi mitatu. Ukavu na kuwasha kidogo mwanzoni si ajabu. Anza kidogo, hata kwa siku moja baada ya nyingine. Lakini ukivimba uso au kutokwa na malengelenge, acha, urudi kwa aliyekupa.

Tatu, dawa za kumeza si peremende. Doksisaiklini, ambayo madaktari huwapa baadhi ya vijana, hufanya ngozi iungue na jua upesi. Imeze kwa maji mengi, wala usilale mara hiyo, isije ikakuunguza kooni. Isotretinoini ni dawa yenye nguvu zaidi, kwa chunusi kali zinazoacha makovu. Imewasaidia wengi tangu iliporuhusiwa Marekani mwaka 1982. Lakini hukausha midomo na macho, huhitaji kupimwa damu, na humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Msichana au mwanamke hapaswi kuitumia akiwa mjamzito, wala kushika mimba wakati anapoitumia au katika mwezi mmoja baada ya kuiacha. Na kijana anayeitumia akiingiwa na huzuni isiyo ya kawaida, daktari aambiwe mara moja. Usiazime vidonge hivyo kwa rafiki, hata kama vimemponya yeye.

Nne, kikopo kisicho na jina usikitie usoni. Mwaka 1998 nchi yetu ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na hata hivyo bado vinauzwa kwa siri. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu bila daktari yaweza kuacha weusi wa samawati usiofutika kwa urahisi. Anayeuza atakuambia yatakung'arisha na kuondoa chunusi kwa siku saba. Mwulize kilichomo ndani. Asipojua, mwachie mali yake.

Nasi wazazi? Tusiwape watoto wetu majina kwa ajili ya nyuso zao. Tusiwasifu kwa weupe. Tuwaulize kabla ya kuwahukumu. Na mtoto akitueleza kweli yote, tusimkate maneno kwa kusema, "Nilikuambia." Yule mama wa Marko 5 alitetemeka kwa sababu hakujua atajibiwa nini. Mtoto wako asitetemeke mbele yako.

Huenda mnataka kujua yaliyompata binti yangu. Mwanzoni, alipoachishwa mafuta yale kwa maagizo ya daktari, uso ulizidi kuwa mbaya. Ilikuwa miezi mirefu. Usiku mwingine alilia, na mama yake alikaa naye. Mwalimu wake alijulishwa ili wenzake wasimtanie. Polepole ngozi ikarudi, na chunusi zikatibiwa kwa dawa iliyo sawa. Makovu machache yalibaki shavuni, nayo yapo mpaka leo. Sasa ni mama mwenye nyumba yake, na ndiye aliyenipa ruhusa kuyasema haya redioni. Alisema, "Baba, sema yote, hata lile la murram."

Basi kijana unayesikiliza, pengine una kikopo chako chini ya godoro. Leo jioni kichukue, umpelekee mama, au baba, au shangazi, au mwalimu wa Shule ya Jumapili unayemwamini. Yesu aliyesimama katikati ya msongamano kwa ajili ya mwanamke mmoja hapiti na kukuacha wewe. Anakuita mwanawe kabla uso wako haujapona.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe ulisimama ulipoguswa na mtu aliyejaa aibu. Tusamehe sisi wazazi tuliocheka mahali pa kusikiliza. Waponye vijana wetu, nyuso zao na mioyo yao. Wape madaktari hekima, na uwape wagonjwa saburi. Wanaouza madhara kwa watoto wa wenzao, wageuze mioyo. Na katika nyumba zetu usibaki mtoto wa kuja kwa siri, kwa kuwa hata wewe hukumfukuza aliyekuja hivyo. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu awabariki.