Viti vya Maniema: toka Kabambare hadi Kinshasa

Uchaguzi wa 2006 ulipogawa viti 500 vya Bunge la Taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo la Maniema liliambulia 12. Katanga ilipata 69. Hakuna jimbo lililopata vichache zaidi kati ya yote 11 ya wakati ule.

Hesabu hiyo haifuati ukubwa wa ardhi, wala sensa, maana sensa ya mwisho nchini ilifanyika 1984. Inafuata idadi ya walioandikishwa kupiga kura. Hapo ndipo Kabambare, teritori ya Maniema, inapoumia: barabara mbovu, vituo vya mbali na vijana waliokwenda kuchimba dhahabu. Asiyeandikishwa hahesabiki, na kiti kinahamia kwingine.

Tena Maniema ina teritori 7 na mji wa Kindu, na kila eneo lazima lipate angalau kiti 1. Kati ya vile 12, vilivyobaki vya kugawana ni vinne tu. Kasongo na Kabambare, Pangi na Kindu, wote macho kwenye viti hivyo hivyo.

Seneti ina sura nyingine. Kila jimbo lina maseneta 4, isipokuwa Kinshasa yenye 8, kwa hiyo Maniema inakaa sawa na Haut-Katanga, iliyotokana na Katanga ya zamani, yenye migodi na pesa zake. Seneta wa Maniema, Alexis Thambwe Mwamba, alifika hata kuwa spika wa Seneti kuanzia 2019 hadi alipojiuzulu Februari 2021. Ila maseneta huchaguliwa na wabunge wa jimbo mjini Kindu. Mkulima wa Kabambare hawapigii kura.