Kona ya Ngozi Haitaki Haraka



Tunajadili kuwanunulia vijana wa Chekereni vyerehani ili wajifunze kushona viatu vya ngozi. Wenzetu wamependekeza tununue vyerehani vingi vya nguo, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Naomba radhi, mimi sikubaliani nao, na sababu yangu iko kwenye kona.

Moshi yetu si ngeni kwa kazi hii; gereza la Karanga limetengeneza viatu kwa miaka mingi. Kitazameni kiatu cha mwanafunzi: mishono iliyonyooka ni michache. Mingi huzunguka kisigino, ulimi na sehemu ya vidole. Hapo ndipo fundi hupimwa, na hapo ndipo kiatu kibovu huanza kuachia.

Kitambaa kikifumuliwa, nyuzi zake hurudiana. Ngozi haisamehe, tundu la sindano hubaki. Sindano namba 100 ina unene wa milimita 1. Mshono ukiwa wa milimita 3, kati ya tundu na tundu hubaki milimita 2 za ngozi. Kwenye kona fundi hufupisha mshono. Lakini akifikia milimita 1.5, hubaki nusu milimita tu, na ngozi huchanika kama karatasi ya stempu.

Basi afanyeje? Achore njia kwanza. Akifika konani azungushe gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu. Sindano ikiisha kushuka na kuanza kupanda kidogo, uzi umekwisha kukamatwa chini. Hapo ainue mguu wa cherehani, ageuze ngozi kidogo, aushushe, aendelee.

Mguu mpana wa cherehani ya nguo huficha njia hiyo na kuzuia ngozi isigeuke. Cherehani ya viatu ina kigurudumu badala ya mguu, na nguzo badala ya meza bapa, hivyo kiatu huzunguka pande zote.

Kwa hiyo nashauri: heri vyerehani viwili vya nguzo kuliko sita vya nguo, na tumlipe fundi mzoefu awafundishe vijana. Mzazi ambaye kiatu alichonunua kimeachia kabla muhula haujaisha harudi tena, na kijana hubaki na cherehani isiyo na kazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.