Mitihani ya Kiingereza: Uliza Kwanza, Lipa Baadaye

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, siku ya mkutano wa wahitimu



Nimeombwa nizungumze juu ya masomo ya ng'ambo. Jambo hilo ni pana, nami nitashika sehemu moja tu ambayo huwapotezea vijana wetu fedha na nafasi, yaani kuchagua mtihani wa Kiingereza.

Wengi huuliza, "Upi rahisi, IELTS au TOEFL?" Hapo wameanzia mwisho. Mkulima wa hapa Dodoma hapandi mpunga kwa kuwa ndugu yake wa Kyela amevuna mpunga. Hutazama udongo na mvua yake, akapanda mtama. Nanyi anzeni na swali hili: nani atakayeipokea karatasi ya matokeo yangu, na yeye anataka nini?

IELTS hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na alama ya juu ni 9. Uko wa namna mbili. Ule uitwao Academic ni wa wanaokwenda chuo kikuu. Ule uitwao General Training hutumiwa zaidi na wanaohamia nchi nyingine kwa kazi. Kusikiliza na kuzungumza ni sawa kwa wote, bali kusoma na kuandika ni tofauti. Mtumishi mmoja ninayemfahamu alifanya General Training, akapata alama nzuri, kisha chuo kikaikataa karatasi yake. Ikambidi alipe upya, na muhula ukawa umempita.

TOEFL ni wa Marekani, nao ulianza mwaka 1964. Kwa miaka mingi alama zake za kompyuta zilihesabiwa 0 hadi 120. Tangu Januari 2026 kipimo kipya ni 1 hadi 6. Anayejiandaa kwa kitabu alichoachiwa na kaka yake na awe macho. PTE Academic hufanywa wote kwa kompyuta, hata sehemu ya kuzungumza, na alama ni 10 hadi 90. Duolingo hufanywa nyumbani kwa bei ndogo, lakini wataka intaneti isiyokatika.

Sasa tazameni jinsi milango inavyotofautiana. Vyuo vingi vya Marekani huikubali TOEFL. Lakini anayeomba ukazi wa kudumu Kanada kwa mpango wa Express Entry, TOEFL haitamfaa, wala Duolingo. Huko hupokewa IELTS General Training, CELPIP au PTE Core. Serikali ya Uingereza nayo iliacha kuipokea TOEFL kwa viza mwaka 2014, baada ya udanganyifu kugunduliwa katika baadhi ya vituo vya huko huko. Maelfu ya wanafunzi walifutiwa viza, wakiwamo waliosisitiza kwamba hawakudanganya. Basi mtihani uliomfaa mwenzako jana waweza usikufae wewe leo.

Wapo wanaosema, "Sisi tumesoma sekondari kwa Kiingereza, mtihani wa nini?" Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza. Tanzania haimo, wala Kenya, wala Uganda. Hata hivyo, vipo vyuo vinavyopokea barua ya kuthibitisha kwamba mwombaji alifundishwa kwa Kiingereza. Ukiuliza, huenda usilipe hata senti moja.

Ndugu wanafunzi, fuateni mambo matatu. Kwanza, kiandikieni chuo na kusoma masharti ya viza ya nchi hiyo, kwa maana chuo ni mlango mmoja na uhamiaji ni mwingine. Jibu liwe la maandishi, wala si maneno ya wakala. Pili, hesabuni tarehe kurudi nyuma. Matokeo ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai miaka miwili tu. Anayefanya mapema mno hukuta karatasi imekufa kabla ya safari. Tatu, hakikisheni jina la kwenye pasipoti ndilo mnalojiandikisha nalo.

Kwenu wahitimu wenzangu nina ombi. Ada ya mtihani kama IELTS ni kubwa, mbali na nauli ya Dar es Salaam. Kwa mzazi wa Bahi au Mpwapwa anayetegemea karanga na alizeti, hiyo ni akiba ya msimu mzima. Sisi tulio maofisini, wenye kompyuta na intaneti, tuwasomee vijana hawa masharti kabla hawajalipa. Kuuliza si ujinga, na kumwulizia asiye na pa kuulizia ni wajibu wetu.