Simu Nayo Iwe na Ratiba Yake



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Ramadhani moja iliyopita nilikuwa naandika hesabu za duka moja la Eastleigh. Kazi nilifanyia nyumbani, Umoja, simu iko kando ya mkono. Ikalia: kundi la wenzangu wa shule. Nikasoma, nikacheka, nikarudi kwenye hesabu. Ikalia tena: barua pepe. Nikafungua. Niliporudi, mahali pa shilingi 51,000 nikaandika 15,000, na mteja akatumiwa dai hilo. Mwenye duka hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ulikuwa wapi ulipoandika hapa?" Nikakosa jibu. Mwili ulikuwa mezani, akili haikuwepo.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba ukiacha kazi kabla haijaisha ukarukia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Na mwaka 2015, huko Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 124. Wiki moja walitakiwa wafungue barua pepe mara tatu tu kwa siku, wiki nyingine kadiri wanavyotaka. Ile wiki ya mara tatu, usumbufu wa moyo ulipungua.

Utasema: "Mimi ni fundi, oda zangu zinakuja kwa WhatsApp. Nikinyamaza, mteja anaenda kwa mwingine." Ni kweli, na riziki ya mtu si mchezo. Lakini hebu fikiria: mteja anataka kujua utamjibu lini, na anataka nguo yake iwe tayari siku uliyomwahidi. Ahadi ni deni. Ukikesha ukijibu "niko karibu kumaliza," utamaliza saa ngapi?

Basi tufanye hivi mwezi huu. Baada ya daku na swala ya alfajiri, usishike simu kwanza. Asubuhi kichwa bado ni chepesi, kwa hivyo ifanye saa ya kazi nzito: hesabu, kushona, kusoma kwa ajili ya mtihani. Zima mlio wa jumbe, uache wa kupigiwa tu, na waambie watu wa nyumbani: "Kukiwa na dharura, nipigie."

Ujumbe na barua pepe vifungue mara tatu: baada ya Adhuhuri, baada ya Alasiri, na baada ya Tarawehe. Nusu saa kila mara yatosha. Facebook na TikTok zingoje hiyo ya usiku. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka jibu linalojituma lenyewe. Andika: "Shukran, nitakujibu saa saba na nusu." Halafu ikifika saa saba na nusu, jibu kweli! Na ukiandika barua pepe usiku, Gmail inakubali uipange iondoke asubuhi, usimwamshe mwenzako.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Nyumba zetu za Eastlands ni ndogo, na wengi tunalala, tunapika na kufanya kazi chumba kimoja. Kijana akisema yuko kazini saa mbili mpaka saa nne, msimwone hana kazi kwa sababu amekaa nyumbani. Msimtume dukani saa hizo. Mkiweza, mshikieni hata hiyo simu.

Siku mbili tatu za kwanza mkono utaenda mfukoni wenyewe. Uvumilie. Sisi ni watu tunaojua kungoja: chakula kiko mbele yetu, na hatukigusi mpaka adhana ya Magharibi. Aliyeweza kungojea futari atashindwaje kungojea ujumbe?

Ratiba ya daku na futari tumeshaibandika ukutani. Leo usiku, kabla hujalala, bandika ya simu kando yake.

Wabillahi tawfiq.