Mtoto Kiziwi Katika Nyumba ya Wasikiao

Maneno haya yanawahusu hasa wazazi, kwa kuwa katika kila viziwi 10 waliozaliwa hivyo, 9 au zaidi wana wazazi wasikiao. Na mtoto kiziwi wa wazazi hao, ijapokuwa apendwa na kutunzwa kwa ihsani, jioni jamaa wanapobarizi huiona midomo ikitikisika na vicheko vikizuka, na akiuliza sababu huashiriwa angoje, nayo habari isimfikie.

Lugha yake, yaani ya ishara, mara nyingi huipata katika shule ya viziwi, kama ile iliyofunguliwa Tabora mwaka 1963, akiipokea zaidi kwa watoto wenzake kuliko kwa mzazi au mwalimu. Lakini mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan, mwaka 1880, uliamua kwamba matamshi yatangulizwe na ishara ziachwe, nami naiona hukumu ile kuwa dhuluma kubwa, maana ishara zina sarufi kamili. Kinyume cha hukumu hiyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha 3 rasmi za Bunge.

Mtoto anaporudi likizoni, hali lugha yake imestawi na nyumbani hapana aijuaye, huwa mgeni kwa mamaye mzazi. Hata hivyo, kumpeleka kwa viziwi wenziwe si kumpoteza. Basi mzazi asingoje shule: amtafute kiziwi mtu mzima mtaani, amkaribishe nyumbani, na jamaa wote, hata bibi na wadogo zake mtoto, wajifunze ishara kwa kiziwi huyo.